Mafuta Hayaanzii Pale Yanapodondokea

  Leo nataka tuzungumze na wenye magari ya zamani ya gia za mkono: wenye Land Cruiser za miaka ya 80, wenye Peugeot 504 walizoachiwa na baba zao, wenye Coccinelle ambazo bado zinatembea, na ninyi wa Hiace za abiria zilizokwisha kupita mikononi mwa mabosi wengi. Nazungumza pia na mafundi, hasa vijana mnaojifunza kazi pembeni mwa barabara. Habari yetu ni moja: mafuta yanayovuja kwenye giaboksi, ambayo hapa kwetu Goma tunaiita bwati.

Nimechagua jambo hili kwa sababu bwati hufa kimya. Injini ina taa nyekundu mbele ya dereva. Presha ya mafuta ikishuka, taa inawaka na mtu anasimama. Bwati ya magari haya haina taa, na nyingi hazina hata pampu. Mafuta hulala chini, gia za shafti ya chini zinachovya humo na kuyarusha juu, na ni kwa kurushwa huko beringi na gia zote zinapata chakula chao. Mafuta yakipungua, gia za chini zinazunguka bila kuchota cha kutosha. Sehemu za juu na za nyuma ndizo zinazokauka kwanza. Kwenye bwati nyingi za gia 5, gia ya 5 yenyewe iko mkiani kabisa, na mara nyingi ndiyo inayotangulia kulia. Siku dereva anapousikia mlio huo, chuma kimekwisha kulika, na hakuna mafuta yanayorudisha chuma kilicholika.

Sasa tuweke juu ya hayo ardhi tunayoishi. Mji wa Goma umekaa juu ya lava. Volkano ya Nyiragongo ilitapika mwaka 1977, ikatapika tena tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, ikafunika na sehemu ya uwanja wa ndege. Kisha tarehe 22 Mei 2021 tukaikimbia tena. Nyua zetu za mtaa wa Katoyi ni kokoto na mchanga mweusi wa volkano. Mahali penye saruji au udongo mwekundu, mwenye gari akiamka asubuhi anaona doa. Hapa kwetu mafuta yanaangukia jiwe jeusi lenye vitundu, na kabla jogoo hajawika yamekwisha kuzama. Ndiyo sababu mtu mkweli kabisa anaweza kukuapia kwamba gari lake halivujishi hata tone. Anasema alichokiona, lakini ardhi imemficha.

Tone moja lina uzito gani? Tupige hesabu. Tuchukue kwamba matone 30 ya mafuta mazito hufanya mililita 1. Gari linalodondosha tone 1 kwa dakika linapoteza matone 1,440 kwa siku, yaani mililita 48. Kwa siku 30 inakaribia lita 1 na nusu. Coccinelle, ambayo bwati yake na difrensha yake hutumia mafuta yaleyale, inachukua lita 2 na nusu tu. Mwezi mmoja wa tone lisiloonekana, na zaidi ya nusu ya mafuta imekwenda.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji spana. Inahitaji karatoni. Egesha gari mahali palipo sawa, tandika karatoni kubwa chini, kuanzia injini mpaka difrensha, na kwenye karatoni hiyo chora alama ya mahali yalipo magurudumu ya mbele. Asubuhi karatoni itakuambia mambo matatu: kama gari linavuja, linavuja kiasi gani, na mafuta ni ya aina gani. Mafuta ya injini ya dizeli huwa meusi kwa masizi. Mafuta ya bwati ni mazito, na mengi yana harufu kali ya kiberiti ambayo fundi akishaijua haisahau. Mafuta ya breki na ya klachi ni mepesi kama maji na yanaharibu rangi ya gari. Nusa, gusa, paka kwenye karatasi nyeupe utazame. Mtu asiyejua ni mafuta gani yanayovuja hana haki ya kufungua bwati.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ninalotaka tushikamane nalo jioni hii: mafuta hayaanzii pale yanapodondokea. Gari likitembea, upepo unayasukuma nyuma. Likisimama, yanateremka kwenye ukingo wa chuma mpaka kwenye bolti iliyo chini kuliko zote, na hapo ndipo yanapoachia. Fundi aliyeinama na kuona tone kwenye bolti ya nyuma, akanunua sili ya nyuma, anaweza kuwa ametengeneza mahali pazima. Uvujaji wenyewe uko juu, kwenye kifuniko cha mkono wa gia, au mbele, ambako hakufika.

Njia ya kuujua mwanzo ni kuosha. Osha bwati yote kwa burashi na mafuta ya taa, kisha kwa maji na sabuni, mpaka chuma kionekane na tope la miaka liondoke. Acha ikauke. Halafu puliza poda nyeupe, hata ile ya mtoto inatosha, juu ya viungo vyote. Tembeza gari kwa dakika 20 hivi, mpaka mafuta yapate moto, urudi uangalie kwa tochi. Poda inabaki nyeupe mahali pakavu na inageuka rangi mahali pa mafuta. Fuata njia ya mafuta kwenda juu na kwenda mbele, mpaka ufike mahali ambapo juu yake ni pakavu. Hapo ndipo penye ugonjwa. Kazi hii inakula nusu ya siku, na inaokoa pesa kuliko spana yoyote iliyo kwenye sanduku.

Ukishapajua mahali, usikimbilie bado kufungua. Angalia kwanza kitundu cha kupumulia. Bwati nyingi zina kitundu kidogo upande wa juu, chenye kofia ya chuma au mpira mwembamba unaopanda. Bwati ikipata moto, hewa iliyomo ndani inapanuka na inatafuta njia ya kutoka, kama mvuke wa sufuria iliyofunikwa. Hapa kwetu vumbi la volkano ni laini na kali, na kitundu hicho huziba kwa tope la vumbi na mafuta. Hewa ikikosa njia, inasukuma mafuta kupitia mdomo wa sili ulio dhaifu kuliko yote. Fundi akibadili sili bila kuzibua kitundu, sili mpya nayo itavuja, na mwenye gari atasema ameuziwa sili bandia. Kitundu kilichoziba kina madhara mengine pia: gari likiingia kwenye maji ya mvua bwati ikiwa ya moto, bwati hiyo inapoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili zilezile. Mafuta yakitoka na rangi ya maziwa, maji yamekwisha kuingia, nawe unapaswa kuyamwaga yote.

Angalia pia kiasi. Kwa bwati nyingi, kiasi sahihi ni mafuta kufika ukingo wa chini wa tundu la kujazia, gari likiwa mahali tambarare. Wapo wanaoegesha gari kwenye mteremko na kujaza mpaka waridhike. Mafuta yaliyozidi nayo hutafuta njia ya kutoka. Na kuna kanuni ya mafundi wazee ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuishika: kabla ya kufungua bolti ya kumwagia, fungua kwanza ile ya kujazia. Ukimwaga mafuta yote, kisha ukute bolti ya juu imeshikana na haifunguki, gari halitoki hapo.

Sasa tupite mahali penyewe, kuanzia penye urahisi. Bolti nyingi za kumwagia na kujazia zina washa laini ya shaba au alumini. Ikiisha kubanwa mara nyingi haishiki tena, na kukaza zaidi kunakula nyuzi za bwati. Badili washa, usizidishe nguvu. Kebo ya spidomita inaingia kwenye bwati kupitia mpira mdogo wa duara. Mpira huo ukichoka, mafuta yanapanda ndani ya kebo mpaka karibu na dashibodi, na mtu anaweza kuhangaika mwezi mzima bila kuelewa. Vifuniko vya juu na vya ubavuni vina gasketi za karatasi. Kabla ya kuweka mpya, kwangua ya zamani yote, hakikisha kifuniko hakijapinda, kaza bolti kwa kuvuka kutoka kona hadi kona, kidogo kidogo. Baadhi ya bolti zinapenya mpaka ndani kwenye mafuta. Hizo zinahitaji gundi ya kuzuia mafuta kwenye nyuzi zake, la sivyo zitavuja hata gasketi ikiwa nzima.

Silikoni nayo tuiseme. Silikoni ni dawa nzuri ikipakwa kidogo. Ikipakwa kwa wingi, inayomiminika nje haina hatari, lakini inayoingia ndani inakatika vipande na kwenda kuziba vijia vinavyopeleka mafuta kwenye beringi. Tena kwenye baadhi ya bwati, gasketi ya kifuniko cha beringi ya mbele ndiyo inayopima nafasi ya beringi hiyo. Ukikata ya karatoni nene, au ukiiacha na kupaka silikoni peke yake, umebadilisha kipimo cha kiwandani. Kata gasketi yako mwenyewe ukilazimika, wengi hapa wanaweza kazi hiyo vizuri, lakini kwa karatasi ya gasketi yenye unene uleule.

Tuje kwenye sili ya nyuma, pale inapoingia kardani, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difrensha. Kabla ya kutoa kardani, weka alama ili irudi ilivyokuwa, maana ukiigeuza gari linaweza kutetemeka. Ikishatoka, shika shafti uitikise. Ikicheza juu na chini, ugonjwa ni wa beringi; sili mpya itapondwa na shafti hiyohiyo na utarudi kazini baada ya muda mfupi. Kama haichezi, pitisha ukucha mahali mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukinasa, kuna mfereji. Sili nzuri haiwezi kuziba mfereji. Unaweza kuiingiza sili mpya ndani au nje kidogo, milimita 1 au 2, ili mdomo wake ukae kwenye chuma kisicholika, kama nafasi inaruhusu. Au fundi wa mashine anaweza kuivalisha shafti pete nyembamba ya chuma. Kisha paka mafuta mdomo wa sili, hakikisha upande wenye springi ndogo unaelekea ndani kwenye mafuta, na uigonge kwa kipande cha bomba chenye upana wa sili yenyewe, isiingie upande. Sili iliyogongwa kwa nyundo na bisibisi imeharibika kabla gari halijawashwa.

Wenye Peugeot mkumbuke kwamba 404 na 504 nyingi zina kardani iliyofungwa ndani ya bomba.   Bomba hilo lina siri yake: mafuta yakipita sili ya nyuma yanaweza kuingia bombani kwanza, na nje pakabaki pakavu. Kwa gari hilo usisubiri doa. Pima kiasi.

Land Cruiser nazo zina siri nyingine. Tangu zile za namba 40, zilizotengenezwa mpaka 1984, na hizi za namba 70 zilizozifuata mwaka huohuo, bwati na transfa, ile nyumba ya gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, zimeshikana, na kati yake kuna sili. Sili hiyo ikichoka, mafuta yanahama kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Moja inapungua, ya pili inazidi, na chini ya gari hakuna hata tone. Fundi akifungua tundu la transfa na mafuta yakamwagika kwa wingi kama yaliyojazwa kupita kiasi, asifurahi kwamba kuna akiba. Afungue tundu la bwati upesi, maana huko ndiko inakoweza kuwa njaa.

Mwisho ni sili ya mbele. Mafuta yakitoka kwenye tundu la chini la nyumba ya klachi, usihukumu haraka: yanaweza kuwa ya injini, ya bwati, au ya silinda ya klachi. Harufu ndiyo shahidi wako. Hapa lazima bwati iteremshwe, na kwa sababu kazi ni kubwa, ukiisha kuiteremsha tazama kila kitu kilichofichwa huko: sahani ya klachi, beringi ya kuachia, na sili ya nyuma ya injini. Sahani iliyolowa mafuta haifai kurudishwa. Itateleza na kuungua.

Na hapa naomba tusikilizane kwa makini, hasa vijana wetu. Bwati ya Land Cruiser na transfa yake ni mzigo wa kuua mtu. Msiegemeze gari juu ya mawe ya lava. Jiwe letu lina vitundu, linaonekana gumu, kisha linapasuka ghafla likibebeshwa uzito. Tofali la saruji nalo ni hivyohivyo. Jeki iwekwe juu ya ubao mpana, maana kokoto zinateleza, na gari likae juu ya stendi za chuma au magogo ya mbao ngumu yaliyopangwa kwa kuvukana, magurudumu yakiwa yamezuiwa. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama bosi anapiga kelele kwamba abiria wanangoja.

Baada ya kutengeneza, kuna swali la mafuta gani yaingie. Usijaze kwa mazoea. Bwati nyingi za zamani zinataka mafuta mazito ya gia, ya daraja la GL-4. Yale ya GL-5, yanayopendwa kwa difrensha, yana dawa nyingi zaidi ya kiberiti na fosforasi, na kwenye baadhi ya bwati yanashambulia zile pete za shaba zinazolainisha kuingia kwa gia. Peugeot za zamani nilizozitaja zilitengenezwa kutumia mafuta ya injini ndani ya bwati. Land Rover Defender zenye bwati ya LT77 zinatumia mafuta mepesi ya giaboksi za otomatiki. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Na wale wanaojaza grisi ili uvujaji upungue, niwaambie kwa upendo: ni kweli haidondoki, lakini pia hairuki. Gia inachimba njia yake ndani ya grisi, grisi inabaki pembeni, na beringi zinakauka huku karatoni ikiwa safi.

Sasa, yale mafuta yaliyozama kwenye lava yanakwenda wapi? Mji wetu hauna mto unaoupita. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kwenye nyufa za mawe na kupotea machoni. Wataalamu wa Ziwa Kivu wameonyesha kwamba upande wa kaskazini kuna chemchemi zinazotokea chini ya ziwa lenyewe, maji ya ardhini yanayoingia humo bila sisi kuyaona. Na ziwa hilohilo ndilo linalojaza bidoni za njano zinazopanda mpaka Katoyi, ndilo linalosukumwa kwenye mabomba. Tunachomwaga nyuma ya gereji hakina mahali pengine pa kwenda. Fundi, ukifanya vidanji, yaani kubadili mafuta, kinga mafuta kwenye beseni, yatie kwenye bidoni yenye alama, yafunike, yakae mbali na watoto na mbali na bidoni za maji. Mafuta ya taa uliyooshea nayo ni vivyo hivyo.

Ndugu zangu, namaliza kwa neno kwa wenye magari. Tumezoea kumlipa fundi kwa kile alichobadili. Ameweka sili, tunalipa sili na mkono wake. Akisema nipe nusu ya siku nioshe na nitazame, tunamwambia: fundi, acha maneno, ongeza mafuta tu, nitafika. Kwa kufanya hivyo tumewafundisha vijana wetu kubahatisha, kwa sababu kubahatisha ndiko kunakolipwa. Kijana anabadili sili tatu kabla ya kuifikia ile yenye shida, na sisi tunalipa zote tatu, kisha tunamwita mwizi. Kubalianeni bei ya kuosha na kutafuta, peke yake, kabla ya bei ya kutengeneza. Mlipe hata akikuta kwamba shida ilikuwa kitundu kilichoziba kwa vumbi na akakizibua kwa waya. Huyo amekuokolea bwati nzima.

Na wewe kijana unayejifunza, daftari lako lianze na maswali haya: ni mafuta gani, yanaanzia wapi, na kwa nini yametoka hapo. Ukiweza kuyajibu matatu kabla hujagusa spana, Goma nzima itakuletea magari.